Dibaga ilinidanganya, na bado naitetea

Najua nimepotea, kazi zimenibana na umeme wa mtaani kwetu nao una mambo yake. Kilichonirudisha hapa leo ni ubishi.

Juzi ofisini vijana wawili walikuwa wanabishana hadi chai ikapoa. Wana programu inayotuma ujumbe mfupi kwa wateja, na kila baada ya siku mbili tatu inaganda. Haifi, haisemi lolote, inakaa tu. Mmoja ni wa dhehebu la terminali nyeusi. Kwake, mtu anayetafuta kosa kwa dibaga yenye madirisha na vitufe ni mvivu ambaye hajui kompyuta. Mwenzake anasema bila madirisha yale ni sawa na kutafuta sindano gizani. Wakanigeukia mimi niamue, kwa kuwa nimewatangulia kidogo kwenye kazi hii, na nywele zangu zinaanza kutoa ushahidi.

Nikawaambia hilo la madirisha na terminali si swali. Swali ni hili: programu yenye nyuzi nyingi ukiisimamisha ili uitazame, unachokiona ni kweli? Wakati mwingine ni kweli tupu. Wakati mwingine ni uongo, na mimi niliwahi kumtia mtu mwingine taabuni kwa uongo huo.

Kwa wasio na habari, nitaeleza kwa ufupi. Dibaga ni programu inayotumika kuchungulia ndani ya programu nyingine. Unaweka kituo kwenye mstari fulani wa msimbo, programu ikifika pale inasimama, nawe unaangalia kila kigeugeu kina thamani gani, kisha unaisogeza mstari mmoja mmoja. Zile za madirisha hukuonyesha yote hayo kwa pamoja. Msimbo upo juu, thamani zipo kando, na mahali fulani kuna orodha ya nyuzi. Nyuzi ni mikondo ya kazi ndani ya programu moja, inayokwenda wakati mmoja na kutumia kumbukumbu ile ile. Uzi mmoja unapokea malipo, mwingine unaandika kwenye hifadhidata, mwingine unamjibu mteja.

Zamani nyuzi hazikutusumbua sana. Tarakilishi za kawaida zilikuwa na prosesa ya kiini kimoja, kwa hiyo nyuzi zilipokezana zamu haraka sana na wewe ukadhani zinakwenda pamoja. Kuanzia mwaka 2005, Intel na AMD walipoanza kuuza prosesa za viini viwili kwa kompyuta za mezani, nyuzi zikawa zinakwenda pamoja kikweli. Makosa yaliyolala kwenye msimbo miaka mingi yakaamka.

Sasa kisa changu. Mwaka 2011 nilikuwa nimeandika programu ya akaunti kwa ajili ya ushirika mmoja wa akiba na mikopo. Jina naliweka kando. Niliiandika kwa Java, kwenye tarakilishi ya mkononi kuukuu yenye kiini kimoja, na ikaenda kuishi kwenye seva yenye viini vinne. Ili iwe na kasi, nilihifadhi masalio ya wanachama kwenye kumbukumbu na kuyaandika kwenye hifadhidata kila baada ya dakika chache. Lilikuwa wazo langu mwenyewe, na nililisifu sana mbele ya watu.

Mwisho wa kila mwezi mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Mishahara iliingizwa kwa mkupuo na uzi mmoja, huku wanachama wamejipanga foleni kutoa pesa, kila dirisha la keshia likihudumiwa na uzi wake. Chukua mwanachama mwenye salio la shilingi 5,000. Mshahara wake ni 12,000 na yuko dirishani anatoa 2,000. Hesabu sahihi ni 15,000. Lakini "ongeza kwenye salio" kwa kompyuta si tendo moja, ni matatu: soma salio, kokotoa, andika. Uzi wa mshahara ukisoma 5,000, na kabla haujaandika uzi wa dirishani nao ukasoma 5,000, basi mmoja utaandika 17,000 na mwingine 3,000. Atakayeandika mwisho ndiye atakayebaki kwenye daftari. Ni kama mweka hazina wa chama na msaidizi wake, kila mmoja amenakili salio kwenye karatasi yake pembeni, kisha wote wanarudi kulijaza daftari moja.

Aliyebakiwa na 3,000 alipiga kelele siku ile ile, akarekebishiwa kwa mkono, ikaandikwa "hitilafu ya mtandao". Aliyebakiwa na 17,000 alinyamaza. Mnatarajia nini?

Kwa hiyo kompyuta ilionyesha salio halijapungua, ilhali 2,000 zilikuwa zimetoka kwenye droo ya keshia. Hati ya kutolea pesa ilikuwepo, na sahihi ya mwanachama ilikuwepo. Lakini hati mtu anaweza kuighushi, na kompyuta, walisema wakubwa, haidanganyi. Keshia aliyekuwa dirisha lenye foleni ndefu zaidi, dada mmoja mpole sana, akawa ndiye mwenye upungufu mkubwa zaidi mwezi baada ya mwezi. Akashukiwa.

Niliitwa kuikagua programu. Nikafungua Eclipse, nikaiunganisha dibaga na nakala ya majaribio, nikaweka kituo kwenye mstari wa kwanza wa mbinu inayobadilisha salio. Nikaingiza mshahara na utoaji kwa wakati mmoja. Nyuzi zote mbili zikafika kwenye kituo, zikasimama. Madirisha yakanionyesha kila kitu kwa uzuri. Nikaubofya uzi wa kwanza, nikausogeza mstari kwa mstari hadi mwisho, sahihi. Nikaubofya wa pili, nikausogeza hadi mwisho, sahihi. Salio 15,000. Nikarudia mara ishirini hivi, nikibadilisha akaunti na viwango. Mara zote ishirini sahihi. Nikaandika ripoti ya ukurasa mmoja: programu haina kosa.

Ripoti ile ndiyo iliyotumika kumsimamisha kazi yule dada. Alikaa nyumbani miezi miwili bila mshahara.

Mmeona nilichofanya? Kituo changu kilikuwa kabla ya mstari wa kusoma salio. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu na kipanya changu, nilizipanga nyuzi foleni. Uzi wa kwanza ulisoma, ukakokotoa, ukaandika, ndipo nikauruhusu wa pili uende. Nilikuwa nimegeuka kuwa lile kufuli ambalo programu yangu ilikosa. Kosa halingeweza kutokea mbele yangu hata kama ningekaa pale hadi Krismasi. Nilichokithibitisha ni kwamba programu ni sahihi pale nyuzi zinapopokezana zamu, jambo ambalo hakuna aliyelipinga.

Wataalamu wana jina la makosa haya. Huitwa haizenbagi, kwa mzaha juu ya jina la mwanafizikia Heisenberg, na Jim Gray alilitumia katika maandishi yake mwaka 1985. Ni kosa linalopotea au kubadilika pale unapojaribu kulitazama. Mimi nililijua neno lile. Nililisoma chuoni, nikalijibu kwenye mtihani. Lakini kulijua neno na kulitambua jambo lenyewe likiwa limekaa mezani kwako ni vitu viwili.

Kilichomwokoa yule dada si akili yangu. Ni kwamba mwisho wa mwezi uliofuata, yeye akiwa nyumbani, upungufu ulitokea tena. Safari hii ulikuwa kwa keshia mwingine aliyewekwa dirisha lile lile.

Niliporudi kwenye msimbo niliiacha dibaga kando kwanza. Niliandika jaribio dogo: nyuzi nane, kila mmoja unaongeza shilingi moja kwenye akaunti ile ile mara 10,000, bila kituo popote. Jibu linapaswa kuwa 80,000. Mara ya kwanza nikapata 60,000 na kitu, mara ya pili 70,000 na kitu, mara ya tatu nambari nyingine kabisa. Nilikaa nikaitazama skrini muda mrefu, kisha nikatoka nje kupunga hewa.

Ndipo nikairudia dibaga, na hapa ndipo utetezi wangu unaanzia. Nilikisogeza kituo mistari miwili tu chini, kikawa baada ya kusoma salio na kabla ya kuandika. Nikaingiza mshahara na utoaji kama awali. Nyuzi mbili zikasimama. Nikaubofya wa kwanza kwenye orodha, dirisha la thamani likasema salio 5,000. Nikaubofya wa pili, salio 5,000. Nyuzi mbili, kila mmoja umeshika nakala yake ya 5,000 kama karatasi mfukoni, na yeyote angeweza kuona ni nini kitafuata. Nikauruhusu wa dirishani, ukaandika 3,000. Nikauruhusu wa mshahara, ukaandika 17,000. Nilimwita mhasibu wa ushirika, mtu asiyejua hata neno moja la Java, nikamwonyesha picha ile. Aliielewa kabla sijamaliza kueleza. Ningemwekea maandishi ya terminali yenye mistari mia mbili, sidhani angenisikiliza, na barua ya kumrudisha keshia kazini ilihitaji sahihi ya mtu kama yeye.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Nyuzi zinapokimbizana, dibaga si shahidi. Usiiulize "je, kosa lipo?" kwa sababu itakwambia halipo. Lakini ukishashuku mpangilio fulani wa matukio, dibaga ni mkono mzuri mno wa kuuigiza. Unaushika uzi huu hapa, unauacha ule upite, unaona matokeo. Ni kama polisi wa trafiki anayerudisha magari mahali yalipokuwa ili hakimu aone ajali ilivyotokea. Hakugundua ajali kwa njia hiyo, lakini anaionyesha.

Si wazo langu peke yangu. Tarehe 14 Agosti 2003 umeme ulikatika kaskazini-mashariki mwa Marekani na katika jimbo la Ontario, Kanada, na watu wapatao milioni 50 wakabaki gizani. Chanzo kilikuwa na mambo mengi, ikiwemo nyaya za umeme zilizogusa miti. Lakini jambo moja lilikuwa la programu. Katika chumba cha kusimamia umeme cha kampuni ya FirstEnergy huko Ohio, mfumo wa kengele za tahadhari uliganda muda mfupi baada ya saa 8 mchana, na wasimamizi hawakujua kwamba hauwaonyi tena. Ulikuwa mfumo uitwao XA/21 wa General Electric. Wachunguzi walitumia wiki kadhaa kupekua msimbo wake mrefu kabla ya kulipata kosa: sehemu mbili za programu ziliweza kuandika kwenye data moja kwa wakati mmoja, data ikaharibika, na kazi ya kengele ikabaki inazunguka bila mwisho. Na walilifufuaje kosa lile, ambalo lilikuwa halijawahi kuonekana kabla ya hapo? Waliuchelewesha mfumo kwa makusudi, wakiingiza visimamo ndani ya msimbo huku wakiumiminia tahadhari, hadi ule mwanya mdogo ukawa mpana wa kutosha. Ndicho kile kile nilichofanya mimi kwa kipanya, wao kwa kiwango kikubwa zaidi. Ucheleweshaji ule ule unaoficha kosa ukiwekwa mahali pabaya hulifichua ukiwekwa mahali pazuri.

Kuna jambo moja la mipangilio ambalo waalimu wetu hawalisemi na linaumiza watu. Kituo kikifikiwa, ni nani anasimama? Eclipse kwa kawaida husimamisha uzi uliofika tu, nyingine zinaendelea. IntelliJ IDEA kwa kawaida husimamisha zote, mpaka ubadilishe mwenyewe kwenye kituo husika. Visual Studio husimamisha zote, ila unaweza kuugandisha uzi mmoja na kuwaachia wengine. GDB nayo husimamisha zote, na hali ya kuacha nyingine ziendelee iliingia katika toleo la 7.0 mwaka 2009. Halafu kuna ajabu nyingine: ndani ya GDB ukisogea mstari mmoja kwenye uzi wako, nyuzi nyingine nazo hupata nafasi ya kukimbia, isipokuwa umeweka `set scheduler-locking on`. Nimewaona watu wazima wakiapa kwamba kompyuta ina pepo kwa sababu kigeugeu kilibadilika "peke yake" kati ya mstari na mstari.

Sasa upande wa pili, ambako dibaga ni shahidi wa kweli kabisa. Programu iliyoganda.

Baada ya kuweka makufuli kwenye akaunti zangu nilijifurahisha kwa wiki moja. Kisha programu ikaganda mchana kweupe. Uhamisho wa pesa kutoka akaunti A kwenda B ulifunga A kisha ukataka B. Wakati huo huo uhamisho wa kutoka B kwenda A ulikuwa umeifunga B na unataka A. Kila uzi umeshika kile ambacho mwenzake anakingoja. Kwenye hali hii kusimamisha programu hakubadilishi chochote, kwa sababu imeshasimama! Hakuna mwendo wa kuvuruga. Unabofya kitufe cha kusitisha, unaangalia kila uzi uko mstari gani, umeshika kufuli gani, unangoja kufuli gani. Eclipse ina mpangilio wa kuonyesha makufuli hayo chini ya kila uzi, na mzunguko unauona kwa macho. Ilinichukua dakika tatu. Dawa yake ni ya kawaida: kila mara funga kwanza akaunti yenye nambari ndogo, bila kujali pesa zinaelekea wapi.

Kwenye hili kijana wa terminali naye ana haki yake. Dirisha halina uchawi wowote. DDD, dibaga ya michoro iliyoanzishwa Ujerumani miaka ya 1990 na Dorothea Lütkehaus na Andreas Zeller, kazi yake kubwa ilikuwa kuzichora data kama visanduku na mishale juu ya GDB. Kila ulichobofya kiligeuka kuwa amri, nawe uliiona ikiandikwa chini ya dirisha. Ukiwa kwenye seva ya mbali isiyo na skrini, `thread apply all bt` ndani ya GDB au `jstack` kwa Java itakupa habari ile ile, na `jstack` hukwambia waziwazi ikiwa nyuzi zimefungana. Mtu anayejua njia moja tu ndiye mwenye tatizo. Lakini nyuzi zikifika arobaini, mimi nataka picha. Dirisha lile ambalo Visual Studio ililileta mwaka 2010, linalokusanya nyuzi zilizo mahali pamoja katika kisanduku kimoja, hukuokoa kusoma mlolongo ule ule wa miito mara thelathini na nane.

Na kwa wanaoandika C, C++ au Go, kuna vyombo ambavyo havisimamishi chochote bali vinapekua kila mguso wa kumbukumbu. Helgrind imo ndani ya Valgrind, ThreadSanitizer imo ndani ya Clang na GCC, na Go ina swichi yake ya `-race` tangu 2013. Huichelewesha programu mara kadhaa, lakini hukutajia mistari miwili inayogongana hata kama safari hii hesabu ilitoka sawa. Ukiwa navyo, anza navyo, dibaga ifuate. Sisi wa Java hatuna bahati hiyo kwa urahisi, tunabaki na majaribio ya kutwanga na macho yetu.

Yule dada alirudishwa kazini na kulipwa miezi yake. Nilikwenda kumwomba radhi, nikamweleza habari za nyuzi kadiri nilivyoweza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja: "Sasa kaka, mara hizo ishirini ulikuwa unaangalia nini?" Ripoti ya ukurasa mmoja ninayo bado. Sijaitupa.

Na wale vijana wa ujumbe mfupi? Nilikaa kati yao, tukangoja programu igande, ikaganda Alhamisi saa 5 asubuhi. Mmoja akaandika amri yake, mwingine akabofya kusitisha. Majibu yao yalikuwa yale yale. Nyuzi kumi na mbili. Kumi na mmoja zinangoja kufuli moja. Uzi wa kumi na mbili umelishika hilo kufuli, na wenyewe unangoja jibu kutoka kwa seva ya kampuni ya simu, kwenye muunganisho usiowekewa kikomo cha muda. Seva ya upande wa pili ilikata simu kimya kimya tangu usiku, uzi wetu bado umeweka sikio. Waliweka kikomo cha sekunde 30 na kuuhamisha wito ule nje ya kufuli. Ubishi wa terminali na madirisha unaendelea, sasa wameuhamishia kwenye vihariri vya maandishi.